Chema Chajiuza, Lakini Hakijilindi

Mtu akisimama juu ya daraja la Garissa asubuhi, huuona mto Tana ukipita chini yake polepole, maji yake mekundu kwa udongo uliochukuliwa kutoka nchi za milima. Mto huu ndio mrefu kuliko mito yote ya Kenya, na katika nchi ile kavu ndio uhai wa watu na wanyama. Ng'ombe na ngamia huletwa kunywa kandokando yake, mashamba ya migomba na miembe hustawi kwa maji yake, na akina mama huwakataza watoto wao kuingia ndani kwa sababu ya mamba na viboko. Hapana mtu mwenye akili timamu atakayefunga mbao miguuni na kujitupa katika maji hayo kwa ajili ya mchezo.

Lakini mbali sana na Garissa, katika jimbo la Florida nchini Marekani, kuna ziwa liitwalo Eloise, karibu na mji wa Winter Haven. Ziwa hilo nalo zamani lilikuwa na kinamasi kandokando yake, na wanyama wa jamii ya mamba waliishi humo. Mahali hapo palipata sifa duniani kwa kazi ya jamaa moja, na hasa kwa sababu ya kijana wao aliyekuwa bingwa wa kuteleza juu ya maji. Habari zao zafaa kusikiwa Garissa, kwa kuwa watu wa Garissa wanacho kitu ambacho ni vigumu kukipata mahali pengine popote, na swali linalowakabili ni lile lile lililowakabili watu wa Winter Haven: ni nini kinachofanya mahali pavute wageni, na ni nani atakayepalinda wageni wakishaijua njia?

KINAMASI KILICHOGEUKA BUSTANI

Bwana Dick Pope alizaliwa mwaka wa 1900, na kazi aliyoijua sana ilikuwa kutangaza mambo. Alikuwa fundi wa maneno ya kuvuta watu, na alifahamu ni picha ya namna gani itakayopendwa na wenye magazeti. Katika miaka ya 1930, biashara ilipokuwa imeanguka katika Marekani nzima na watu wengi wakiwa hawana kazi, yeye na mkewe, Bibi Julie, walipata shauri ambalo watu wengi waliliona kuwa la kuchekesha. Walitaka kukigeuza kinamasi cha ziwa Eloise kiwe bustani, kisha wawatoze watu ada ya kuja kuitazama.

Kazi ilikuwa ya jasho. Mifereji ilichimbwa ili mashua zipite katikati ya miti, matope yakazolewa, na maua ya nchi za joto yakapandwa. Tarehe 2 Januari 1936 bustani ikafunguliwa. Iliitwa Cypress Gardens, kwa jina la miti mikubwa inayoota majini mahali pale.

Mwanzoni wageni hawakuwa wengi. Kisha ikaja baridi kali ya mwaka wa 1940, nayo ikayaua maua ya mlangoni. Bibi Julie hakufunga mlango. Aliwavika wasichana magauni mapana sana ya mtindo wa kale, akawasimamisha mbele ya mimea iliyokufa ili wageni wasiione. Wageni wakayapenda magauni hayo, na tangu wakati huo wasichana wale wakawa sehemu ya bustani kama maua yenyewe.

ASILI YA MCHEZO

Ili kuyafahamu yaliyofuata, yafaa kuijua kwanza asili ya mchezo wa kuteleza juu ya maji. Mwaka wa 1922, katika ziwa Pepin, jimbo la Minnesota, kijana wa miaka 18 aitwaye Ralph Samuelson aliwaza hivi: ikiwa mtu aweza kuteleza juu ya theluji kwa mbao, kwa nini asiweze kuteleza juu ya maji? Alijaribu mbao za mapipa, akazama. Akajaribu mbao za theluji, akazama tena. Ndipo alipotwaa mbao mbili ndefu na pana, akazichemsha ncha zake katika maji moto hata zikalainika, akazipinda zielekee juu, akapigilia vipande vya ngozi vya kushika miguu. Ndugu yake aliendesha motaboti, naye akafuata nyuma akiishika kamba. Alianguka mara nyingi kwa siku kadhaa, na tarehe 2 Julai akasimama.

Siri ya mchezo huu si ngumu. Ubao ukivutwa kwa kasi hali ncha yake imeinuka, maji yaliyo chini yake huusukuma juu, kama mkono wa mtu unavyoinuka akiuweka bapa nje ya dirisha la gari liendalo mbio. Kasi ikipungua, maji huacha kusukuma na mtu huzama. Kwa hiyo yeye atelezaye hana mahali pa kupumzika; asiposonga mbele, anakwenda chini.

PICHA MOJA KATIKA GAZETI

Jamaa ya Pope waliupenda mchezo huu. Mtoto wao wa kiume, aliyeitwa Dick kama baba yake, alizaliwa mwaka wa 1930, naye pamoja na dada yake Adrienne walijifunza kuteleza tangu utoto.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, picha ya watu wakiteleza juu ya ziwa Eloise ilichapwa katika gazeti. Askari waliokuwa wakifundishwa vita katika Florida waliiona. Baadhi yao wakafika mlangoni wakauliza mchezo utaanza saa ngapi. Ukweli ni kwamba hapakuwa na mchezo wowote wa kutazamwa. Picha ilikuwa ya watu waliojifurahisha tu. Bibi Julie hakusita. Aliwajibu kwamba mchezo utaanza saa tisa alasiri, kisha akaenda mbio kuwakusanya watoto wake na rafiki zao. Saa tisa ilipofika watoto wakateleza, na askari wakapiga makofi. Siku chache baadaye wakaja askari kwa mamia.

Hivyo ndivyo maonyesho ya Cypress Gardens yalivyoanza. Picha ndiyo iliyowaleta wageni. Lakini kama watoto wale wasingekuwa wamejifunza miaka mingi kabla, picha ingekuwa uongo, na askari wangeondoka kwa hasira wasirudi tena.

MIGUU MITUPU

Mwaka wa 1947 vijana wa Winter Haven walijiuliza jambo jipya: je, mtu aweza kuteleza bila mbao kabisa, kwa nyayo zake tu? Wayo wa mtu ni mdogo sana ukilinganishwa na ubao, kwa hiyo motaboti lazima iende kwa kasi kubwa zaidi, yapata kilomita 60 kwa saa, na mtu akianguka kwa kasi hiyo maji humpiga kama ardhi ngumu. Kijana aliyeitwa A. G. Hancock ndiye aliyefaulu kwanza. Dick Pope mdogo akafuata, na kwa kuwa yeye ndiye aliyepigwa picha akifanya hivyo, jina lake ndilo lililoenea.

Mwaka wa 1950 mashindano ya dunia ya kuteleza juu ya maji yalifanywa hapo hapo Cypress Gardens. Dick Pope mdogo alishinda wanaume wote akawa bingwa wa dunia. Upande wa wanawake alishinda Bibi Willa Worthington McGuire, mzaliwa wa jimbo la Oregon, aliyekuwa ameshinda mwaka wa 1949 pia, na ambaye alishinda tena mwaka wa 1955. Bibi huyu alifanya zaidi ya kushindana. Ndiye aliyetunga michezo ya wasichana waliocheza ngoma juu ya maji kwa pamoja, na alishughulika hata na nguo zao. Watazamaji waliona vijana wamepandana mabegani kama mnara huku wakivutwa na motaboti, wakadhani ni kiini macho. Lakini hakikuwa kiini macho. Ilikuwa kazi ya mazoezi, na baada ya watazamaji wa asubuhi kuondoka, wachezaji walingoja wa mchana na kuanza upya.

Watengenezaji wa filamu walikuja pia, na mwaka wa 1953 ilitoka filamu ya Hollywood iliyopigwa mahali hapo, mchezaji wake mkuu akiwa Esther Williams. Dick Pope mdogo baadaye alishika uongozi wa bustani ya wazazi wake. Bingwa yule akawa mwenye kuhesabu tiketi, kulipa mishahara na kuangalia kama maua yamenyweshwa.

BUSTANI YAFUNGWA

Sifa, hata iwe kubwa namna gani, haimfungi mgeni kamba. Mwaka wa 1971 kampuni ya Disney ilifungua mahali pake pa michezo katika Florida, si mbali na Winter Haven, na mamilioni ya watu wakaelekea huko. Mwaka wa 1985 jamaa ya Pope iliuza bustani kwa kampuni kubwa. Bwana Pope mzee alifariki mwaka wa 1988. Bustani ikapita mkono hata mkono, na mwezi wa Aprili 2003 milango ikafungwa.

Hapo ndipo ilipoonekana ni nani waliokuwa wenyeji hasa wa mahali pale. Watu wa Winter Haven na wapenzi wa bustani, ambao hawakuwa na hisa hata moja, walipaza sauti zao. Hawakutaka ardhi ile igawanywe viwanja vya kujengea nyumba. Serikali ya jimbo na ya wilaya ziliingia katika shauri hilo ili bustani ya kale isipotee. Milango ilifunguliwa tena mwaka wa 2004, ikafungwa tena mwaka wa 2009, na mwaka wa 2011 mahali pale pakafunguliwa kwa jina jipya la Legoland. Dick Pope mdogo hakuiona siku hiyo, kwa kuwa alifariki mwaka wa 2007. Lakini bustani waliyoipanda wazazi wake ilihifadhiwa, na juu ya ziwa Eloise vijana walianza tena kuteleza mbele ya wageni.

MNYAMA WA MACHO MANNE

Watu wa Garissa hawana haja ya motaboti. Kitu chao si mchezo, ni mnyama, naye ni hirola.

Hirola ni wa jamii ya kongoni, lakini ndugu zake wote wa karibu wamekwisha kutoweka duniani, naye amebaki peke yake. Rangi yake ni kahawia hafifu, pembe zake zimepinda vizuri, na mstari mweupe hupita kati ya macho yake kama miwani. Chini ya kila jicho ana alama nyeusi inayoonekana kama jicho jingine, na kwa sababu hiyo huitwa mnyama wa macho manne. Mzungu aliyeitwa Hunter alimpata karibu na mto Tana mwaka wa 1888, na wataalamu wa London wakampa mnyama huyo jina la Mzungu huyo mwaka uliofuata. Wachungaji wa nchi ile walikuwa wamemjua tangu zamani za kale.

Nchi yake ni ile iliyo kati ya mto Tana na mto Juba, katika Kenya na Somalia. Hupenda majani mafupi, na mara nyingi huonekana mahali ambapo ng'ombe wamelisha. Katika miaka ya 1970 ilikadiriwa kwamba hirola walizidi 10,000. Serikali ilitenga hifadhi ya Arawale mwaka wa 1974 kwa ajili yao. Lakini katika miaka ya 1980 ukaja ukame, ikaja na sotoka. Sotoka haikuuliza kama mnyama ana mwenyewe au hana. Iliwaua ng'ombe wa wafugaji na hirola wa porini pamoja. Ugonjwa huo ulitangazwa kuwa umekwisha duniani mwaka wa 2011, lakini idadi ya hirola haikurudi. Majangili walikuwa wamewaua tembo, ambao ndio waliokuwa wakiangusha miti na kuacha nafasi ya majani. Tembo walipotoweka, miti ilisonga, na malisho yakapungua kwa ng'ombe na kwa hirola vilevile. Leo hirola wote wakadiriwa kuwa kama 500, au pungufu. Yeye ni miongoni mwa wanyama wa Afrika walio karibu sana na kutoweka.

WATU WAENDA MAHAKAMANI

Mara mbili serikali ilijaribu kuwaokoa hirola kwa kuwahamisha. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka wa 1963, walipopelekwa Tsavo Mashariki. Mara ya pili ilikuwa mwaka wa 1996, ambapo wapatao 30 walipelekwa huko huko. Wataalamu walikuwa na sababu zao: mbegu ikiwekwa katika ghala mbili, moto ukiteketeza moja, nyingine hubaki.

Lakini wakazi wa Garissa walikuwa na swali. Mnyama huyu ameishi kati ya mifugo yao muda wote huo, nao hawakummaliza. Je, kwa nini achukuliwe pasipo kuulizwa wao? Na akiisha kwenda, mgeni atakuja Garissa kutazama nini? Mwaka huo huo wa 1996 walikwenda Mahakama Kuu mjini Nairobi, wakaomba Shirika la Wanyamapori la Kenya lizuiwe. Mahakama iliwasikiliza, ikaamuru uhamisho usiendelee. Katika uamuzi huo ilikubaliwa kwamba kwa desturi wakaao juu ya ardhi wana haki katika mazao ya ardhi hiyo, wanyama na mimea wakiwa miongoni mwake, isipokuwa sheria imesema vingine.

Jambo hili lastahili kufikiriwa. Katika miaka iliyotangulia, habari za wanyama zilikuwa za serikali na za Bwana Nyama. Mwananchi alizisikia tu alipokamatwa na pembe au ngozi. Hapa wafugaji walisimama mbele ya jaji wakidai haki ya kuendelea kuishi na mnyama wa porini. Lakini haki huja na mzigo wake. Waliokwisha kusema hirola ni wetu hawakuweza tena kusema kumlinda ni kazi ya mtu mwingine.

BOMA LA ISHAQBINI

Jibu lao lilionekana baada ya miaka kumi. Kusini mwa Garissa, upande wa Ijara, karibu na mto Tana, watu wa Hara, Korissa na Kotile walipatana kutenga ardhi yao wenyewe kuwa hifadhi ya jamii, nayo ikaitwa Ishaqbini. Hayo yalikuwa kati ya mwaka wa 2006 na 2007. Walisaidiwa na mashirika ya hifadhi, lakini ardhi ilikuwa yao na askari wa wanyama walitoka katika vijiji vyao.

Baadaye wakaona kwamba kutenga ardhi peke yake hakutoshi, kwa kuwa hirola walikuwa wachache mno, na ndama wao walikuwa wakiliwa na wanyama wakali. Ndipo lilipojengwa boma la waya, lenye eneo lisilozidi kilomita za mraba 30, ambalo simba, duma na mbwa mwitu hawawezi kuingia kwa urahisi. Mwezi wa Agosti 2012 hirola 48 waliswagwa kwa helikopta, wakakamatwa na kutiwa ndani ya boma hilo. Safari hii hawakupelekwa Tsavo. Walibaki katika nchi yao, kwa ruhusa ya wazee wa nchi hiyo. Baada ya miaka michache idadi yao ndani ya boma ilizidi mara mbili, ikapita 100.

Ushindi huu haukupigiwa makofi na askari kwa mamia. Wapo walinzi wanaoamka alfajiri kuuzunguka ua, kuangalia mahali ambapo ngiri amechimba chini ya waya au mti umeangukia nguzo. Ua ukiachwa siku chache bila kuangaliwa, kazi ya miaka yaweza kuliwa kwa usiku mmoja. Katika jambo hili walinzi wa Ishaqbini na vijana wa ziwa Eloise ni sawasawa: mwenye kutazama huona siku moja, mwenye kazi huzijua siku zote.

TWIGA WEUPE

Kama Cypress Gardens, Ishaqbini nayo ilipata picha yake. Mwaka wa 2017 wanakijiji waliwaambia walinzi kwamba wameona twiga mweupe na mtoto wake. Watu wa hifadhi wakaenda, wakawapiga filamu. Hawakuwa zeruzeru, kwa kuwa macho yao yalikuwa meusi kama ya twiga wengine. Ni ngozi tu iliyokosa rangi. Filamu hiyo ilizunguka dunia nzima kwa siku chache, na watu ambao hawakupata kulisikia jina la Garissa ila kwa habari za vita walilisikia kwa habari njema.

Furaha hiyo haikudumu. Mwezi wa Machi 2020 ilitangazwa kwamba twiga yule jike na ndama wake wameuawa na majangili. Ilipatikana mifupa tu. Alibaki dume mmoja mweupe, mtoto wa jike yule, na mwezi wa Novemba mwaka huo alifungwa pembeni mwake chombo kidogo kinachowajulisha walinzi mahali alipo.

Yafaa msomaji aipime habari hii pamoja na ile ya askari wa Florida. Picha iliyochapwa gazetini iliwaleta askari, nao walikuta watoto tayari kuteleza. Picha ya twiga weupe ilizunguka dunia, lakini walinzi walikuwa wachache, pori lilikuwa pana, na risasi ilifika kabla ya wageni. Wahenga walisema chema chajiuza, nao walisema kweli. Lakini chema hakijilindi.

SHAURI LILILOBAKI

Hapana faida kuficha kwamba wageni hawajafurika Garissa. Toka Nairobi ni kilomita zipatazo 370, na barabara si kizuizi kikubwa. Kizuizi ni hofu. Tangu mwaka wa 2011 nchi hiyo imepata mashambulio mengi, na mwezi wa Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Wageni hawasahau upesi, na serikali zao huwaonya wasiende. Kwa hiyo boma la Ishaqbini halikujengwa kwa fedha za tiketi, wala mlinzi hawezi kungoja tiketi ndipo alinde.

Ukame nao haujaacha kurudi. Katika miaka ya 2021 hadi 2023 mvua ilikosekana msimu baada ya msimu, na mifugo mingi ilikufa katika Kaskazini Mashariki. Mchungaji aliyeachiwa ng'ombe watatu katika thelathini akiyatazama majani yaliyobaki ndani ya waya, si jambo dogo kumwambia kwamba hayo ni ya hirola. Asipoona faida yoyote katika nyumba yake, iwe ni kazi kwa kijana wake, karo ya shule au kisima cha maji, ipo siku ataukata waya, na hapana mahakama itakayoweza kumrudisha hirola.

Lakini upo upande wa pili wa shauri hili, na wazee wengi wa nchi hiyo waujua. Majani yanayomfaa hirola ndiyo yanayomfaa ng'ombe. Ardhi ikisafishwa miti iliyosonga na kupandwa majani, wote wawili hupata kula. Mmoja wa wana wa Garissa, Dakta Abdullahi Hussein Ali, alichukua elimu ya juu katika Chuo Kikuu cha Wyoming, Marekani, kisha akarudi kuanzisha kazi ya kuokoa hirola pamoja na wafugaji, na kurudisha malisho ni sehemu kubwa ya kazi hiyo. Mwaka wa 2020 alipewa tuzo ya Whitley ya Uingereza kwa ajili yake. Karibu na mji wa Garissa wenyewe, mahali paitwapo Bour-Algi, wakazi nao wamezoea kuishi na twiga wanaotembea kati ya mbuzi wao, na kuwahesabu kuwa mali ya wote.

Bingwa wa Florida alipoteleza kwa miguu mitupu mwaka wa 1947, waliomtazama waliyaona maji na miguu. Hawakuiona motaboti iliyomvuta, wala yule aliyeshika usukani, wala miaka aliyoanguka. Mgeni atakayefika Ishaqbini siku amani itakapotulia atamwona hirola amesimama katika majani mafupi, na mstari mweupe kati ya macho yake. Atapiga picha yake ataondoka. Alfajiri ya siku ya pili mlinzi atauzunguka ua tena, akitazama waya.